Nilifaulu Dodoso, Nikamvunja Mume Wangu Mkono

Jumamosi, saa tisa alasiri. Masika yamekolea.

Shajara yangu, mvua ya leo haikunyesha, imepiga. Imelitwanga bati la nyumba yetu hapa Mabwerebwere tangu asubuhi kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Imeng'oa mipapai miwili ya jirani na kuiburuta hadi barabarani, mizizi juu. Sasa imepungua, inatweta tu kwenye michirizi. Mume wangu amekaa kibarazani anaitazama. Mkono wake wa kushoto umefungwa hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, na nyuma ya sikio ana nyuzi nne.

Mume wangu! Wiki ya nane hii, na bado nikiandika maneno hayo moyo unanigonga mbavu. Nikimwona anakunywa chai, natamani kumuuma bega. Akichelewa dakika kumi, nachungulia njiani kama mtoto wa chekechea. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na akirudi jioni ananukia chuma kilichoungua. Nawaambia ukweli, hakuna manukato yaliyowahi kuniangusha namna ile. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kupenda kwa nguvu hivi mpaka meno yakawasha.

Ndiye niliyemvunja huo mkono. Mimi, kwa mchi wa kisamvu.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnajua kwamba majina ninayotumia si yetu. Yeye namwita Shija, mimi naitwa Editha. Leo nina sababu zaidi ya kuficha, kwa hiyo msinichimbe. Nitaandika mpaka mwisho, maana nikiacha katikati nitapata ujanja wa kujipendelea, na ujanja huo ndio uliotufikisha hapa.

Nianzie kwenye mashine ya fotokopi.

Nafanya kazi steshenari, karibu na stendi hapa Kilosa. Natoa nakala, nachapa barua, nabandika plastiki vyeti vya watu. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa makamo mwenye miwani, akaniachia karatasi za kunakili mpaka mashine ikapata moto. Yalikuwa madodoso. Watafiti wa chuo kimoja walikuwa wamepanga nyumba Mikumi, wanatafuta watu wa kujitolea kwenye utafiti wa hofu, wasiwasi uliopitiliza na sonona. Juu kabisa kulikuwa na tangazo: je, unashtuka bila sababu, moyo unakwenda mbio, unakwepa sauti au mahali fulani kwa sababu ya jambo lililokupata zamani?

Karatasi zilizoharibika huwa narudi nazo nyumbani kwa ajili ya kuwashia mkaa. Shija alichukua moja akaisoma huku amechuchumaa mbele ya jiko. Akasema, "Eda, hawa watu wamekuandika wewe."

Nikacheka. Lakini alikuwa ameshaona. Siku za mnada, ng'ombe wanapopitishwa barabara ya nyuma, kengele zao zikianza kulia, mwili wangu unaondoka bila mimi. Mara ya kwanza alinikuta chini ya meza ya jikoni, nimekumbatia sufuria ya moto, kiganja kimeungua na sikuwa nimehisi. Mara ya pili nilimrushia stuli.

Na yeye, jamani, ni mtoto wa wafugaji. Wazazi wake walishuka kutoka kanda ya ziwa wakiswaga ng'ombe wao, wakafika Chanzuru, wakalima na kufuga. Amelala na kengele hizo tangu mgongoni kwa mama yake. Kwake ni sauti ya maziwa.

Nilimweleza nusu. Kwamba nilipokuwa kidato cha pili, likizo, ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu kijijini, bonde hili hili, kukawa na vita kati ya wakulima na wafugaji, na kaka yangu Ponsi akapasuliwa kichwa. Ponsi yupo Morogoro mpaka leo, sikio moja halisikii. Shija alinishika mikono yote miwili, akalia kuliko mimi. Nusu ya pili sikumwambia.

Basi tukaenda Mikumi kwa pikipiki yake, siku ya kazi, kama fungate yetu ya pili! Nimemkumbatia kiuno, shavu mgongoni kwake, upepo unatuchapa, matope yanaturukia mpaka kope. Karibu tufike, gari lilikuwa limemgonga nyani, wenzake wamejaa barabarani wanapiga kelele na kuonyesha meno, hawaruhusu hata baiskeli ipite. Tulisubiri. Shija aliniziba macho kwa kiganja chake. Nilimpenda mpaka nikatetemeka.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Nilishaliona dodoso. Nilikuwa nimelitoa nakala kwa mikono yangu. Maswali nimeyakariri, na majibu yake manne yaliyopangwa kwa alama: hapana kabisa, siku chache, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Hapana kabisa ilikuwa sifuri. Karibu kila siku ilikuwa tatu. Mimi nimesoma shule ya sekondari ambako mtihani uliovuja ni bahati ya maisha. Mtu akikuwekea maswali unayoyajua, unafaulu, basi. Tena nilikuwa bibi harusi, hina haijafutika, mume wangu ananingoja nje anafuta pikipiki. Ningesemaje kwamba karibu kila siku naona damu?

Hapana kabisa. Hapana kabisa. Hapana kabisa. Nilijibu haraka mpaka yule dada mwenye miwani, anaitwa Levina, akaniuliza kama nimesikia swali.

Nikapata sifuri. Levina akanishukuru kwa muda wangu, akasema utafiti unahitaji watu wenye dalili, mimi sina vigezo, nirudi salama. Nilitoka pale nimenyanyua kidevu. Nikamrukia Shija shingoni: "Wamesema mimi mzima! Sina kitu!"

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Wasomi wameniuliza, wamenipima, wameniachia. Njia nzima ya kurudi alipiga honi za furaha.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita alifanya alichofanya. Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea. Shija hakuwa mjinga wala mkatili. Alitegemea sifuri yangu.

Ilikuwa mchana, tumetoka kanisani. Nilikuwa uani natwanga kisamvu, nimefunga kanga kiunoni, naimba. Baba mkwe alikuwa ameleta zawadi kutoka Chanzuru, nami sijui: mtamba mweupe mwenye doa jeusi usoni, ng'ombe wangu mwenyewe, ili mkwe wake aache kunywa chai ya rangi. Alisema ng'ombe wa bibi harusi haji kimya, akamfunga kengele mpya. Shija akasema ngoja nimfurahishe. Akavaa shuka la baba yake begani, akachukua na fimbo yake, akaja nyuma yangu anacheza kama wachunga ng'ombe wa kwao, anamvuta mtamba kwa kamba.

Kengele ililia mgongoni kwangu.

Sikugeuka kumwona Shija. Niliona shuka. Niliona fimbo juu. Mchi ulikuwa mkononi, na mchi wetu ni wa mti mgumu, mzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Niliuzungusha kwa nguvu zote nilizonazo. Aliinua mkono kujikinga, na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa gotini. Akaita, "Eda!" Nikampiga tena, nyuma ya sikio. Alipiga magoti. Nikampiga cha tatu mbavuni, na wakati huo, shajara yangu, nilikuwa na furaha. Nisiposema hili sijasema kitu. Nilikuwa na furaha kali, tamu, kama mtu mwenye kiu aliyepata maji.

Nikainua cha nne. Mama Tobi, jirani yetu, alikuwa ameruka ua, akanirukia mgongoni na uzito wake wote, tukaanguka kwenye kinu. Kisamvu kilimwagika kwenye damu.

"Unamuua mumeo, mwanamke!" alinipigia kelele sikioni. "Mwangalie! Mwangalie ni nani!"

Nikamwangalia.

Mtamba alikuwa amekata kamba, amevunja ua wa Mama Tobi, anakwenda mbio na kengele yake. Baba mkwe alikuwa ameshika kichwa cha mwanawe mapajani, anakiziba kwa lile shuka. Aliniangalia, akamwangalia Shija, akasema, "Nimepigwa na fahali mara mbili. Nimepigwa na radi ikaua ng'ombe ubavuni kwangu. Mke wa kisamvu sijamwona." Sijui kama alikuwa anatania. Sidhani hata yeye alijua.

Hospitali, nesi alipouliza, Shija alisema ameanguka na pikipiki. Mimi nilisimama pale na damu yake kwenye gauni la kanisani, nikatikisa kichwa kukubali. Huo ulikuwa uongo wa pili baada ya ule wa Mikumi.

Usiku wake na siku zilizofuata alinifariji! Anageuka kitandani anaguna kwa maumivu, anasema, "Usilie mke wangu, kosa langu, nilikushtua." Kila aliponisamehe nilitamani kujipiga. Maana nilikuwa najua jambo moja ambalo yeye halijui. Mikono yangu haikuwa ikijifunza. Ilikuwa ikikumbuka.

Na siku moja, nikasema moyoni, Mama Tobi hatakuwepo.

Jana Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapanda kosta kwenda Mikumi peke yangu. Shija nilimwambia naenda Mikumi, sikumwambia kwa nini. Akaninunulia maji ya njiani kwa mkono mmoja.

Levina alinikumbuka. "Dada wa sifuri," akasema.

"Nimekuja kusahihisha mtihani," nikamwambia.

"Upi tena?"

"Ule niliofaulu."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza kila kitu, tangu mashine ya fotokopi. Nilitegemea atanifukuza. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akasema, "Mdogo wangu, hapa sifuri haina zawadi. Kaa."

Akapiga simu kwa mkubwa wake, wakazungumza, akarudi na ile fomu yangu ya kwanza. Nikamwomba aichane. Akakataa kabisa. Kwenye utafiti, alisema, karatasi haichanwi na jibu halifutwi. Jibu la uongo linapigwa mstari mmoja mwembamba, ili lililo chini lisomeke, unaandika jibu la kweli pembeni, unasaini na kuweka tarehe. Nikapiga mistari. Mmoja baada ya mwingine. Karibu kila siku. Karibu kila siku. Mistari ilitoka kama mawimbi, lakini nilisaini yote.

Kabla ya sehemu ya mwisho alinisimamisha. Akasema ninachomwambia kinabaki kwake, isipokuwa akiona kuna mtu yuko hatarini, mimi au mwingine. Hapo atalazimika kuzungumza na daktari wao. "Ukitaka kunyamaza, nyamaza sasa. Ukitaka kutoka kabisa, mlango ule, hakuna atakayekuuliza."

Nikamfikiria aliye hatarini. Anatengeneza mageti yenye maua ya chuma. Anapenda kunijia kwa nyuma na kunibusu shingo.

"Andika," nikamwambia.

Akasoma swali: umewahi kumjeruhi mtu?

Nikasema mume wangu, Jumapili. Akaandika. Akauliza, mwingine?

Shajara yangu, hii ndiyo nusu ya pili.

Siku ile mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Ng'ombe waliingia kwa wingi, mahindi yanavunjika kwa mlio kama moto wa msitu, kengele kila upande. Baba na wanaume wa kijiji walikimbilia huko na mapanga. Walianza na ng'ombe. Waliwakata mishipa ya miguu ya nyuma, ng'ombe wanakaa chini kama watu, wanalia, wanajaribu kusimama kwa miguu ya mbele. Ndipo wafugaji wakaja na fimbo na mikuki. Ponsi alipigwa kichwani mbele yangu, damu ikaruka ikaniingia mdomoni. Nilikuwa na jembe. Nilikuwa nimetumwa kupalilia.

Kulikuwa na mwanaume chini, mmoja wao. Hakuwa yeye aliyempiga Ponsi. Nimejidanganya miaka yote kwamba ndiye, lakini hakuwa. Alikuwa ameshakatwa paja, amelala ubavu kati ya matuta, shuka lake limefunuka, kengele ya ng'ombe mmoja aliyekufa iko karibu na uso wake. Alinyoosha kiganja kwangu. Akasema kitu kwa lugha ya kwao. Sijui alikuwa anaomba maji au anaomba nisimpige.

Nilimpiga kwa mgongo wa jembe. Usoni. Nikampiga tena, na kitu kikaingia ndani, kikawa laini. Nikakimbia.

Jioni yake wafugaji waliwabeba watu wao wakaondoka nao. Sikuwahi kujua kama alikuwa mzima au maiti. Hakuna aliyeniona. Kijijini nilikuwa yule binti maskini aliyeona kaka yake akipasuliwa. Walinipa uji.

Nilipomaliza, Levina hakuwa akiandika. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayemzuia mwenzake asidondoke.

Akatoka kuongea na daktari. Mimi nikabaki natazama boksi la bahasha mezani. Alikuwa ameshanieleza: wanaojitolea wanachagua bahasha, wengine wanaanza mazungumzo ya tiba mara moja, wengine wanasubiri miezi kadhaa ndipo waanze, ili watafiti walinganishe. Nilikuwa nimeshamwomba Mungu anichagulie. Nilitamani sana kuwa kwenye boksi lile. Kama damu ya watu wawili iko mikononi mwangu, walau majibu yangu yangemsaidia mtu nisiyemjua.

Aliporudi aliondoa boksi.

"Hutachagua," akasema. "Hatuwezi kumwacha mtu wa hali yako aangukie bahasha ya kusubiri. Umeshaumiza mtu wiki hii. Unakwenda moja kwa moja hospitali, Jumanne, kwa daktari wa akili. Barua hii hapa."

Nikacheka hadi machozi. Mara ya kwanza nilikuwa mzima mno. Mara ya pili mgonjwa mno. Nimeukosa utafiti mara mbili!

"Hujaukosa bure," alisema. "Hata wanaopewa rufaa tunawaandika. Mtu atakayesoma kazi yetu atajua kwamba kuna watu wa namna yako, na kwamba watakaowauliza mara ya kwanza wasiridhike na jibu la hapana."

Tukapanga mambo ya nyumbani, tukayaandika kama orodha ya sokoni. Mchi, panga na jembe viende kwa Mama Tobi. Shija asinijie kwa nyuma, aniite jina tangu nje. Mtamba akae Chanzuru alikorudishwa. Na Shija aambiwe kwamba hatari bado ipo. Hilo halikuwa ombi, lilikuwa sharti. Kuhusu yule mwanaume wa kwenye matuta, Levina alisema hiyo ni siri yangu, niamue mwenyewe nimwambie nani na lini.

Kwenye kosta ya kurudi niliamua mara kumi na mbili kutomwambia.

Leo asubuhi, mvua ikiwa imeshika kasi, nilibeba mchi, panga na jembe chini ya mwavuli mpaka kwa Mama Tobi. Alivipokea bila kuuliza. Kisha akasema, "Na kisu cha vitunguu?"

"Hicho nibakishie, tutakula nini?"

"Leta. Nitakukatia vitunguu mimi."

Nikampelekea. Narudi nimelowa chapachapa, Shija amekaa kibarazani na kikombe, ananiangalia nilivyorudi mikono mitupu. Akatabasamu, tabasamu lile linaloniua. Akasema, "Umehamisha jeshi zima, mke wangu. Sasa tutapigana kwa mito."

Nikaona siwezi kupendwa namna ile na mtu asiyejua anampenda nani. Ilikuwa kama kumwibia.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, magoti yangu yakigusa yake. Nikamsimulia. Mvua ilikuwa ikipiga sana, ikabidi niseme kwa sauti kubwa. Kila neno nililotaka kunong'ona nililipigia kelele. Nilimpiga usoni! Mara mbili! Alikuwa ameshaanguka! Mipapai ya jirani ilikuwa ikianguka wakati nasema.

Aliyaondoa magoti yake kwenye yangu.

Akaniuliza ilikuwa wapi. Nikamwambia. Upande gani wa mto? Nikamwambia. Shuka la rangi gani? Nikamwambia. Niliona midomo yake ikihesabu, akipitisha wajomba, binamu, marafiki wa baba yake, mmoja mmoja, akiwapima kwenye yale matuta yangu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku yenyewe.

"Simjui," alisema mwisho.

Akanyanyuka akaenda mpaka ukingo wa kibaraza, akasimama mvua ikimpiga kifuani, hogo lake likilowa. Nikamwita, plasta itaharibika. Hakugeuka. Nilihesabu mpaka mia moja na kitu. Nilikuwa nimeshaanza kufungasha nguo zangu akilini, gauni kwa gauni.

Aliporudi alikaa palepale, mbele yangu. Macho mekundu.

"Yule ulimpiga mara mbili?"

"Mbili."

"Mimi umenipiga tatu na nipo. Huenda na yeye yupo."

Nikaanza kulia. Akaninyooshea kidole cha ule mkono mbovu, kinachoonekana nje ya plasta, kimevimba kama muhogo. "Usilie kwanza. Sijasema nimekusamehe hilo. Hilo si la kwangu kusamehe. La kwangu nilishamaliza." Akafuta uso kwa bega. "Baba lazima ajue, Eda. Mfugaji yeyote aliyeumia bonde hili, baba ndiye aliyeitwa kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Kama mtu yule alipona, baba anamjua. Kama alikufa, baba anajua amezikwa wapi. Siwezi kukaa naye kwenye sinia moja la ugali, najua na yeye hajui."

"Atanifukuza," nikasema.

"Anaweza."

"Na wewe?"

Hakujibu haraka. Hilo lilinichoma, lakini namshukuru. Jibu la haraka nisingeliamini.

"Mimi nitakuendesha mpaka huko," akasema. "Nikipata mtu wa kushika pikipiki, maana mkono unajua mwenyewe ulivyoufanya."

Tumekubaliana kesho baada ya kanisa, twende Chanzuru. Jumanne naenda kwa daktari na barua yangu, hata kama Jumapili itanivunja vipande. Haya ninayoandika sitayachapisha mpaka baba awe amesikia. Si haki mgeni wa mtandaoni ajue kabla yake.

Sasa niko na swali moja tu.

Mimi nikifika kwa baba mkwe huwa napiga magoti mlangoni, nasema shikamoo, naye anaitikia marahaba na kuniita mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Hajawahi kuikataa salamu ya mtu. Kwake mtu uliyeitikia shikamoo yake ameshaingia nyumbani, na aliyeingia nyumbani hafukuzwi siku hiyo hiyo, hata awe mwizi wa ng'ombe. Ningeweza kusalimia kwanza. Ningeweza kuichukua ile marahaba, nikaiweka mfukoni, ndipo niseme.

Sitafanya hivyo. Nimeshafaulu mtihani mmoja kwa kuujua kabla.

Nitasimama nje, kwenye matope, nimwambie yote akiwa hajanipokea. Mwanaume, matuta, jembe, mara mbili. Ataona nimekosa adabu, binti anaongea na mkwe wake bila hata salamu. Shija atakuwa kando yangu au nyuma ya pikipiki, sijui. Nikimaliza ndipo nitapiga magoti, niseme shikamoo baba.

Halafu nitanyamaza, nisikilize kama ataitikia.